Pikipiki Yako na Nusu ya Doti Yangu

Baba Rukia,

Salamu nyingi na dua juu yake. Mimi mzima, mtoto mzima, nyumba haijavuja, na paka wako bado analala juu ya viatu vyako nami sijamfukuza. Yasin nakusomea kila Ijumaa. Nilipomwambia mwalimu wa madrasa kwamba nataka kukuandikia, akasema, "Bi Zuhura, maiti hufikiwa na dua na sadaka. Barua haimfikii." Nikamwambia sawa, mwalimu, nimesikia. Dua nimeomba na sadaka nimetoa. Lakini dua ni ya kukutakia mema, na mimi muda wote wa eda nilikuwa na maneno mengine nawe, maneno ambayo mtu hawezi kuyasema akiwa juu ya msala.

Nilikushuku, mume wangu. Wewe umelala kaburini, mimi nimekaa ndani, watu wanakuja wananiambia, "Mashallah, Bi Zuhura, umemkalia mumeo eda vizuri," na huku moyoni nakuhesabia madhambi yako. Hata leo ninapoandika, moja nimelifuta, jingine bado. Kaa nikueleze, na safari hii huwezi kunikatiza ukasema waenda msikitini.

Kwanza habari ya mtoto, maana najua ndiyo unayoitaka. Rukia amekuwa fundi kweli. Pale gereji ya tuk-tuk Makadara walipomwajiri walidhani atawatengenezea chai. Sasa tuk-tuk ikigoma, wanaume wazima wanasema, "Ngojeni Rukia." Mimi sijisifu, lakini tumbo lililomzaa ni hili. Mikono kachukua kwako, akili kachukua kwangu, na uzuri mwenyewe wajua umetoka upande gani. Anafungua injini kama mimi ninavyofungua sufuria ya pilau: kabla ya kufunua ashajua kama chini imeshika.

Basi hitma yako ilipokwisha na mikeka ikarudishwa kwa wenyewe, alishuka chumba cha chini, akalishika turubai lililofunika pikipiki yako, akasema, "Mama, hii naimaliza mimi."

Nililia. Wanawake wengine huachiwa mashamba ya minazi. Mimi nimeachiwa pikipiki isiyokuwa na kiti. Kila mgeni aliyeingia chumba kile aliuliza, "Sasa hii mtu hukaa wapi?" Nami nikamweleza kama ulivyonieleza mimi nilipokuwa mwali: hii si ya kukalia, ni ya kusimamia. Ni ya mchezo wa kupanda mawe. Yule Mzungu wa Kizingo aliyekuachia aliporudi kwao alikuwa ameitoa Hispania zamani, nyembamba kama mbuzi, matairi ya meno, tangi dogo kama birika. Mtu husimama juu ya vikanyagio akapanda majabali pole pole, wala hashindani mbio na mtu. Sharti lake ni moja tu, usitie mguu chini. Ukitia mguu, umeshindwa. Nami nilikuona kwa mato yangu, kwenye mawe ya Kizingo, maji yamekupwa, umesimama juu ya chuma kile umetulia kama mtu aliye kwenye swala, injini yakohoa, na mimi nimekaa na chupa ya chai na vikombe viwili, nasema moyoni, mwendawazimu yule ni wangu.

Kisha ikaharibika, nawe ukaingia katika ugonjwa wa kutafuta spea. Hilo watu hawalijui ila mimi niliyelala nawe. Hukumwona mgeni kutoka Ulaya usimuulize habari ya klachi. Kabureta ilipopatikana uliilaza karibu na mto wako kama mtoto mchanga, chumba kizima kikanuka petroli, nami mja mzito. Kila kitu ulichokipata ulikisugua mpaka kikang'aa, ukaniita nije nione. "Mama Rukia, tazama!" Nami nikatazama. Chuma. "Mashallah," nikasema. Sikuwahi kukosa kusema mashallah, Baba Rukia, kumbuka hilo nikifika mbele.

Basi turubai likaondoka. Na chini yake ilikuwa mifupa. Kabureta hakuna. Vikanyagio hakuna. Klachi, hendeli, kiki ya kuiwashia, hakuna. Vitu ulivyovitafuta nusu ya maisha yako, havipo. Rukia akanigeukia, uso umemwiva.

"Mama, umempa Kazungu?"

Mimi!

Lakini mtoto simlaumu, amekua akinisikia. Kazungu wa vyuma vikuukuu, na mkokoteni wake, akipita kichochoroni akigonga kipande chake cha chuma na kuita, "Vyuma vikuukuuu! Betri mbovu! Sufuria!", mimi nilikuwa natoa kichwa dirishani nikipaza sauti ili wewe usikie huko chini, "Kazungu, ngoja hapo hapo! Leo nakupa pikipiki!" Nawe watoka mbio, spana mkononi, kikoi chakuponyoka, "Mama Rukia! Mama Rukia, muogope Mungu!" Kazungu hucheka mpaka akakalia mkokoteni. Miaka yote ilikuwa kichekesho kile kile, na hakikuchuja. Lakini ukazidi. Ukawa warudi kazini, hata salamu hujatoa, wauliza, "Kazungu hakupita leo?" Ndipo siku moja nikaenda Biashara Street, nikachagua doti ya leso, ya manjano, mji wake, pale katikati, umejaa maembe meusi, na jina lake USINISHUKU BURE. Moja nikajifunga, ya pili nikajitanda, nikakupitia mbele nikakupa mgongo ili usome vizuri. Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Kwa hivyo mimi sikumpa Kazungu kitu. Kama si mimi, ni mwizi. Na mimi nipo ndani ya eda, siwezi kutoka, siwezi kumtokea mwanamume asiye maharimu wangu, siwezi hata kusimama mlangoni nikamuuliza jirani swali kwa namna ninavyojua mimi kuuliza. Yule aliyetunga mchezo wako wa kutotia mguu chini angenitunza mimi, maana mguu wangu haukuvuka kizingiti. Masikio yalibaki kazini, na dirisha la juu, na tundu dogo la pazia ambalo nililikuta limechanika lenyewe.

Rukia alizunguka Makadara duka kwa duka. Wakamcheka. "Dada, sisi twauza spea za bodaboda. Hiyo yako ni ya makumbusho." Akawaandikia watu wa Hispania kwa simu. Simu ikatafsiri majibu yao, na tafsiri ikasema tupeleke punda wetu akaoshwe. Tulicheka hata sisi tuliokuwa msibani. Lakini usiku ule nilimwona jinsi alivyolifunika turubai, taratibu, kama anamfunika mtu, nikajua kwamba kuimaliza pikipiki hii kwake si pikipiki. Alikuwa yuwakutafuta wewe.

Ndipo akaja kijana, Athman.

Hodi hapa mlangoni, sauti nzito ya adabu, "Masalkheri, dada. Nasikia watafuta kabureta ya pikipiki ya kupanda mawe." Mimi juu, sindano mkononi, nikasimamisha mshono. Amesikia wapi? Akatoa kitu ndani ya gunia, Rukia akapiga ukelele. Ilikuwa kabureta.

"Umeitoa wapi?"

"Nimeitafuta."

"Wapi?"

"Ifunge kwanza. Ukiifunga sawa nitatafuta kingine."

Basi nikuulize wewe uliyekuwa fundi. Mtu ana kabureta ya pikipiki iliyo peke yake Mombasa nzima, yuwaileta bila kudai kitu, na akiulizwa ameitoa wapi yuwasema nimeitafuta? Nilimwita Rukia juu. "Huyo ndiye mwizi. Ameiba vyote na sasa akuuzia huruma." Rukia akaniambia, "Mama, mwizi hurudisha?" Nikamwambia, "Wa siku hizi, ndiyo. Kimoja kimoja, mpaka akuzoee, kisha aibe kikubwa." Hakuniuliza kikubwa ni kipi, akatazama chini.

Akawa yuwaja. Wiki hii hendeli, mlango wazi, watu wapita, majirani hawana la kusema. Wiki ile klachi. Kila mara hukagua kwanza kazi ya Rukia, huchutama, huminya kwa kidole, na kama haikukaa sawa huondoka na gunia lake bila kulifungua. Nilimchukia kwa hilo. Mwanangu akaguliwe na nani? Lakini Rukia yuwafungua tena, yuwafunga tena, hadi kidole cha kijana kitosheke.

Siku moja alileta vikanyagio akiwa na haraka, akaviacha na kitambaa alichovifungia. Rukia akapangusia mikono, akakitupa ngazini. Mimi nikashuka kufagia, nikakiokota.

Manjano. Embe jeusi. Pindo ninalolijua kama kiganja changu.

Leso yangu.

Nilikaa pale pale kwenye ngazi, Baba Rukia.

Kwa sababu sasa mambo yote yalirudi kwa pamoja. Mwaka wako wa mwisho, ulipokuwa bado waweza kutembea, ukishasali Alasiri ulikuwa wachukua kikapu changu cha sokoni, umekifunika juu, waenda. "Wapi, Baba Rukia?" "Kunyosha miguu." Mtu hunyosha miguu na kikapu? Chaenda kizito mpaka bega lapinda, charudi kitupu. Nikawaza, kuna mahali pana watu wanaokula. Na kipindi kile kile ndipo leso moja ya doti yangu ilipopotea kambani. Nilimshuku wifi Khadija, dada yako wa watu, tukanuniana msimu mzima wa maembe. Kumbe leso iko kwa kina Athman! Na leso, mume wangu, mwanamume hapewi. Hakuna mwanamume duniani anayemchukulia mwanamume mwenziwe leso ya mkewe. Leso hupewa mwanamke.

Basi yuko mwanamke.

Nikarudi kwenye tundu la pazia na macho mapya. Nikamtazama Athman. Masikio yake yametoka kando, kama yako. Akitembea bega moja laenda chini, kama wewe. Nikajiambia Zuhura, masikio si ushahidi, Mombasa ina masikio mengi. Kisha nati moja ya injini ikakataa kufunguka, Rukia akaikaza nguvu, na Athman akasema kwa upole, "Usiilazimishe. Ibembeleze."

Maneno yako. Kwa sauti yako. Maneno uliyoniambia mimi kuhusu mlango uliovimba, kuhusu mtoto aliyekataa kunyonya, kuhusu kila kitu. Nilifikiri ni yetu sisi peke yetu.

Nikajua. Huyu ni mwanao.

Na kule chini mwanangu acheka. Rukia wangu, ambaye hakucheka tangu jeneza litoke, sasa yuwatia wanja kabla ya kwenda kushika grisi. Nani hutia wanja kwa ajili ya grisi? Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini? Nikimwambia, "Mwache, huyo ni ndugu yako," nimekuvunja wewe mbele ya mtoto anayekutafuta kwa spana usiku na mchana. Nikinyamaza, yatokee ambayo hata kuyaandika mkono wakataa. Chakula kikawa hakipiti. Watu wakasema huzuni ya mume. Nikawaacha wadhani hivyo.

Nikajaribu kwa njia ya mbali. "Rukia, kijana yule kwao ni nani?"

"Fundi wa mashine za boti, Liwatoni."

"Mamake?"

"Mama! Sisi twazungumza kabureta, hatuzungumzi ukoo."

"Zungumzeni ukoo."

Akaja na jibu siku ya pili, acheka. "Asema mamake akujua sana kwa habari zako. Asema akungojea umalize eda."

Ananingojea! Mke mwenzangu ananingojea nimalize eda! Nilivyozihesabu siku zilizobaki, hakuna mjane aliyewahi kuzihesabu vile.

Siku niliyotoka, wanawake wamekuja kuniogesha na kuniombea, udi umefukizwa, mimi nipo hapo na sipo. Walipoondoka tu nilijifunga leso yangu iliyobaki, nikavaa buibui juu yake, nikaita tuk-tuk. Sikwenda sokoni, sikwenda kwa wifi Khadija kumtaka radhi. Nilikwenda Liwatoni. Na njiani nilitengeneza maneno, Baba Rukia, maneno ambayo kama ningeyasema mbele ya bahari ingekupwa kabla ya wakati wake.

Nyumba nikaonyeshwa, imeshikana na karakana yao ya mashine, yanuka dizeli na samaki. Akafungua mwanamke mnene, mcheshi wa uso, unga mikononi. Bi Mwanasha. "Bi Zuhura! Karibu, karibu, tumekungoja!" Sikukaa. Sikushika hata mkono wake. Nilifungua buibui nikamwonyesha leso.

"Pacha wake yuko wapi?"

Hakushtuka hata kidogo. "Yupo," akasema. "Yaani, aliyebaki."

Nikafumbua kinywa nianze yale ya njiani. Na mlango wa uani ukafunguka, akaingia mwanamume mwenye masikio.

Wallahi, masikio yale yale! Yametoka kando kama mikono ya sufuria. Na bega moja limeenda chini kwa kubeba mashine maisha yake yote. Na nyuma yake Athman, kama mtu amekata kipande cha babake akakiweka pembeni. "Huyu ni Famau, mume wangu," akasema Bi Mwanasha. Maneno yangu yote ya njiani yakanigeukia, nikakaa kitini bila kuambiwa.

Famau akanieleza kwa utaratibu. Kwamba mlikuwa mkisali pamoja. Kwamba ulipojua maradhi hayana nia ya kukuacha, ulianza kuja kila Alasiri na kikapu, na ndani yake kipande kimoja cha pikipiki kimefungwa kwa kitambaa cha manjano, ukamwekea amana. Kwamba ulimfundisha Athman kila kipande kinavyokaa, ukasema, "Rukia akianza kuitengeneza mwenyewe, mpelekeeni. Asipoianza, viacheni vilale." Na kwamba asipewe vyote kwa pamoja, kimoja kimoja, kwa sababu mtoto ana haraka. Na kwamba wasiseme vimetoka wapi mpaka mimi nitoke eda, nije mwenyewe.

"Lakini kwa nini kwenu?" nikauliza. "Kwa nini visikae nyumbani kwake?"

Famau akatazama dari. Bi Mwanasha akatazama unga wake. Athman maskini ndiye aliyesema. "Alisema, mama, samahani... alisema akifa tu, mkewe atampa mtu wa vyuma."

Basi walicheka! Na mimi nikawaambia kilichonileta. Yote, hadi masikio. Bi Mwanasha alishika ubavu. "Mimi na Baba Rukia? Maskini! Mtu aliyekuwa akikaa pale akinieleza habari za kabureta mpaka nasinzia na mwiko mkononi!"

Wakacheka wao. Mimi sikucheka, mume wangu. Nilicheka kwa meno tu. Kwa sababu ndani kitu kilikuwa kimeniuma kuliko huyo mke mwenza. Kwamba miaka yote ile uliamini. Mimi nikitoa kichwa dirishani kukuchekesha, ili nikuone ukitoka mbio na kikoi chako, ili siku ipite, na wewe, ndani ya moyo wako, ulikuwa waamini. Ukaninyang'anya leso yangu ukaikata vipande, leso ile, yenye jina lile, ukafungia vitu ulivyoviogopea mikono yangu. Mikono iliyokulisha. Iliyokugeuza kitandani. Nikasimama niende zangu.

Bi Mwanasha akanishika. "Ngoja. Kuna kilichobaki." Akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha manjano. "Hiki alisema asipewe Rukia, wala Athman asikiguse. Alikileta siku ya mwisho alipoweza kutembea. Akasema, kiwe mkononi mwa mwenye leso."

Nilikifungua pale pale. Kila kitambaa kingine kilikatwa ovyo ovyo, kama mwanamume anavyokata nguo. Hiki kilikatwa kwa mkasi, sawasawa, upande mzima wenye maandishi, herufi hata moja haikuguswa. USINISHUKU BURE. Na ndani yake kiki.

"Bila hiyo haiwaki," akasema Famau. "Vyote vingine vitakuwa pambo."

Hapo ndipo nililia, tena vibaya, kwenye nyumba ya watu niliokwenda kuwatukana. Wao uliwapa vyote. Mimi ukaniachia ile inayoiwasha. Kama ningetaka isingurume tena duniani, ningeitupa baharini nikirudi, na hakuna ambaye angejua. Mtu hampi mkewe kitu kama hicho kama hamwamini. Au ulikuwa wanijaribu? Au ulikuwa waniomba radhi? Au ndicho kichekesho chako, umenipitia mbele na kunipa mgongo nisome? Sijui. Umekwenda bila kuniambia, nami nimeyachukua yote matatu.

Rukia nilimpa siku iliyofuata. Akaifunga kiki mahali pake, akarudi nyuma, akasema, "Piga wewe, mama." Mimi? Nilikunja buibui mpaka magotini, nikapiga. Kimya. Nikapiga kwa nguvu. Kimya. Athman, mlangoni, hakuthubutu, lakini Rukia alithubutu, akaniambia yale maneno. Usiilazimishe. Basi nikaibembeleza, Baba Rukia. Ikakohoa. Kile kikohozi chake, cha mawe ya Kizingo. Majirani wakatoka. Paka akapanda ukuta. Mwanangu akaniangukia kifuani na grisi yake yote, na wanja wake wote, vikanishukia nguoni.

Na kabla moshi haujatoka chumbani, nje nikasikia ngo, ngo, ngo. "Vyuma vikuukuuu!" Kazungu, tangu ufe, hapa kwetu alikuwa yuwapita bila kuita, kwa heshima yako. Siku ile alisikia mngurumo akasahau. Nilipanda juu bila kufikiri, nikatoa kichwa dirishani kama zamani. "Kazungu, ngoja hapo hapo! Leo nakupa..." Na nikakumbuka. Nikakwama. Kazungu kule chini akaona, akavua kofia yake. Hakuna tena wa kutoka mbio.

Lakini mlango ukafunguka kwa kishindo. Akatoka Rukia, spana mkononi, mtandio wamponyoka, ashika kiuno katikati ya njia. "Mama! Mama, muogope Mungu!"

Kazungu alikalia mkokoteni wake.

Sasa lile la pili ambalo bado sijalifuta. Famau ametuma salamu kwamba wazee wake wangependa kuja kwetu kunywa chai. Watu hawaji na wazee kunywa chai. Nikamuuliza Rukia mwenyewe aonaje, akasema tusubiri aimalize breki, jibu ambalo kwa fundi ni ndiyo. Basi nami nimekaa nawaza. Kimoja kimoja, kwa sababu mtoto ana haraka? Ungeweza kusema viwili viwili. Ungeweza kumtuma Famau mwenyewe, mtu mzima mwenye mke. Ukamtuma kijana, mwenye adabu, mwenye kazi, mwenye subira, kila wiki, kwa kisa cha chuma. Nakushuku, Baba Rukia. Nakushuku sana.

Lala salama, mume wangu. Mungu akupanulie kaburi na akutilie nuru. Wifi Khadija nimemtaka radhi, asema atanisamehe nikimnunulia doti mpya, na jina atachagua yeye. Pikipiki nakuahidi haitalala tena chini ya turubai. Maji yakikupwa, Rukia ataipandisha mawe ya Kizingo, nami nitakaa pale pale na chupa ya chai na vikombe viwili, nimejitanda ile leso moja, na zile herufi zako nimezishona kwenye pindo. Nitatazama miguu yake tu. Nikiona mguu haugusi chini, nitasema mashallah kwa sauti, mpaka usikie.

Kushuku siahidi kuacha.

Mkeo,
Zuhura, mamake Rukia